Maji safi ya Papa Alube

Jumanne.

Samaki zangu zote zimekufa, na aliyeziua anakoroma kwenye chumba cha wageni.

Papa Alube, bwana ya dada yangu, alitoka Kabimba juzi. Leo nikiwa kazini, aliona sanduku langu la kioo, lile nafugia samaki, limejaa maji ya ziwa. Akatia klore ndani, vile tunatia kwa maji ya kunywa kwa kuogopa kolera. Hakuuliza muntu!

Nimerudi, samaki zinaelea tumbo juu, na yeye anacheka.

"Shemeji, ile maji ilikuwa na mikrobi. Sasa njo safi, hata mutoto anaweza kunywa."

Saa ya kula, nilichota glasi moja humo humo, nikaiweka mbele ya sahani yake.

"Karibu, shemeji."

Amekula ugali yote bila kugusa ile glasi.