Wageni Wawili wa Mama Selestini

Ujiji,
Novemba 1997

Kwako dada Hasna,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama. Najijua, nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe. Juzi kule Simbo mtu mzima aliniuliza swali dogo, nami nikamjibu uongo huku namtazama usoni.

Sasa salamu. Sisi hatujambo. Goti la mama limepoa kidogo, na kila akisikia honi ya treni anakutaja. Wewe je, chuo kinaendaje, na ile homa ya Tabora imekuachia? Huku mvua imekolea, dagaa hawakauki, mji mzima unanuka.

Wale watu wanaofadhili watoto walileta mgeni, mama wa Kizungu mwenye sauti ya upole, atembelee watoto wao majumbani. Mkalimani wao akaugua. Mzee Telesphory, katibu wao, asiyejua Kiha, akamwomba mama anitoe mimi, kwa kuwa Kiingereza nakipata shuleni na Kiha nililishwa na bibi. Unanijua, dada, hata kuagiza chumvi dukani naona aibu. Mama akasema aibu haijazi chungu, nenda.

Nyumba ya kwanza tulimiminiwa chai kutoka kwenye chupa yenye ua jekundu. Nikaiona kama naijua. Tukazungukia kwenye michikichi kukwepa tope, na tulipofika kwa Mama Selestini, yule anayemletea mama muhogo sokoni, chupa ileile ilikuwa mezani, imetutangulia. Kifuniko kina ule ufa uliouziba wewe kwa gundi. Chini yake kitambaa chako cha tausi. Mgeni akaniambia kwa furaha kwamba watu wa huku wanaipenda sana aina hii ya chupa. Nikang'ata mdomo nisicheke. Kumbe majirani walikuwa wameazimana vyombo ili mgeni asikae pabaya, na mama yetu naye alitoa vyake kimyakimya.

Selestini alikaa pembeni na sare yake ya shule, mikono mapajani. Mgeni akaletewa yai la kuchemsha, akala nusu, akasema ameshiba. Mama Selestini akaniomba nimsaidie kurudisha sahani nyuma. Nikainua pazia lililogawa chumba.

Dada, sijui nikuandikieje. Nyuma ya pazia hamna kitu. Sakafu ya udongo, nyasi za kulalia zilizolowa, chungu kimoja cha kisamvu. Na ukutani amechuchumaa mwanamke na watoto, amemziba mdogo wao kinywa kwa kiganja, macho yote kwangu. Mama Selestini akachomoa uzi kwenye pindo la kanga yake, akaigawa ile nusu ya yai kwa uzi, vipande vyembamba kama kucha, na hakuna mtoto aliyenyoosha mkono mpaka alipoitwa. Kisha akaninong'oneza kwa Kiha kwamba leo ana wageni wawili, mmoja nimtafsirie, mwingine nimfiche. Huyo mwanamke alivuka kutoka Burundi, akabisha hodi mvua inanyesha, na wakikutwa nje ya kambi ya wakimbizi watabebwa na askari. Unga anaopewa Selestini na wafadhili ndio wanaokula wote.

Nilirudi mbele. Mgeni akauliza kama nyumba hii bado ina shida. Sasa mtu atalia njaa mbele ya mgeni wake? Mama Selestini akajibu kwamba kwao ni amahoro tu, amani tupu, Mungu amewaona. Nikatafsiri neno kwa neno. Mgeni akashika kifua kwa furaha, akamgeukia Mzee Telesphory na kusema kwa Kiingereza kwamba hawa sasa wamesimama, nafasi ya Selestini apewe mtoto mwenye shida kweli. Mzee akaafiki.

Ndipo Mama Selestini akaniuliza mgeni kasema nini. Nikamwambia kasema amefurahi.

Akapiga makofi taratibu kushukuru. Akamwita Selestini aje ashukuru naye, na mtoto akashukuru.

Tangu juzi nalipima jambo hili. Ningesema ukweli palepale, mgeni angetaka kuona nyuma ya pazia, na katibu angeona pia, akatoa taarifa. Nisiposema, unga unakoma. Mgeni anaondoka kwa treni kesho. Naweza kumfuata alikofikia, akiwa peke yake, nimweleze. Lakini siri si yangu, na kuitoa bila kumwuliza mwenyewe ni kumvua nguo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Wasalimie wenzako wa bwenini. Mama anasema usilale bila shuka la pili, nami nasema uniombee.

Mdogo wako,
Asia

Dada, nilikuwa nakunja barua. Kuna hodi uani. Ni Mama Selestini, amerudisha chupa na kitambaa, kakifua na kukipiga pasi. Nasikia mama anacheka, ananiita, njoo wewe Mwingereza wangu, mwenzio kakubebea muhogo wa shukrani kutoka Simbo. Sasa hatua za wote wawili zinakuja huku chumbani. Siku zote nikisikia hatua nafunika karatasi kwa daftari. Hii naiacha wazi kitandani. Nikikosa ulimi, mama ataisoma kwa sauti, na Mama Selestini atasikia mgeni alisema nini hasa.