Kutu Chini ya Trei ya Pikapu Yangu

Mpendwa Mama Evelyne, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla ya Jumatatu, maana jambo lenyewe nimelianzisha kwa mdomo wangu na sasa sijui nilimalize vipi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nakwa hapa Babati mjini, kazi yangu ni kubeba mizigo kwa pikapu, na pikapu yenyewe ni yangu, kadi ina jina langu, nasema hivyo si kwa kujisifu, au basi niseme ukweli, ni kwa kujisifu, kwa sababu miaka tisa nimeendesha magari ya watu nikitumwa na kusemwa mpaka nikapata la kwangu, na kijiweni tunaposubiria mizigo tuko madereva kumi na mmoja na mwanamke ni mimi peke yangu. Siku ya kwanza nilipopaki pale walicheka, na aliyecheka kuliko wote ni Sadock, akaniuliza mbele ya wateja mwenye gari yuko wapi aje alisogeze. Mimi nikabeba mbaazi za Mutuka, nikabeba alizeti, nikabeba tofali za kujengea zahanati kule Sigino safari kumi na nne na hawakunikuta na tofali lililovunjika, mpaka ikafika mahali wateja wanakuja kijiweni wanawapita wenzangu wote wakiulizia yule mama wa pikapu nyeupe.

Sasa mwaka juzi nikataka kulinda bodi la nyuma, maana mizigo inachubua rangi na bati likibaki wazi linaliwa na kutu, nikaambiwa njia ni mbili, kuna trei ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bodi, hiyo unaidumbukiza tu na kuibana kwa skrubu, na kuna rangi nzito kama mpira ambayo fundi anaipuliza kwa kopresa ikashikana na bati moja kwa moja. Fundi Melkiadi, ambaye ndiye anayepuliza hiyo rangi hapa mjini, aliniambia kwa mizigo yangu ya mazao na mifugo nipulizie. Mimi nikamwambia anatetea biashara yake. Nikaweka trei, kwa sababu ilifungwa siku moja na ilikuwa inang'aa, nyeusi kwenye gari jeupe, kila mtu alisimama kuiangalia, na nikatamba kijiwe kizima kwamba bodi langu litabaki kama lilivyotoka kiwandani, wakati wenzangu watakuwa wanapakia juu ya kutu. Madereva wawili wakanifuata, wakaweka trei kama yangu.

Kuna mfanyabiashara wa mbuzi anatokea Simanjiro, anaitwa Parsitau, mteja wangu wa siku nyingi. Mwaka jana nilimbebea mbuzi kumi na tisa, kwenye kona mmoja akateleza juu ya plastiki, akaangukiwa na wenzake, akavunjika mguu. Parsitau aliniambia kwa upole kwamba sakafu yangu inateleza, nami nikamwambia amewafunga vibaya mbuzi wake, nikasema kwa sauti ili kijiwe kisikie. Hakubishana. Tangu siku hiyo anabebewa na mtu mwingine. Mama Evelyne, mbuzi walifungwa vizuri, niliwaona kwa macho yangu wakati wa kupakia.

Wiki mbili zilizopita, baada ya mvua, gari likawa linanuka, nikafungua skrubu mwenyewe nyuma ya nyumba na kuiinua ile trei. Nilikuta tope, nikakuta mahindi yameota, nikakuta mkojo wa mbuzi umekauka ukawa kama ngozi, na chini ya hayo yote kutu, bodi zima, na pale kwenye matundu ya skrubu kidole changu kilipita kikatokea upande wa pili. Nilikaa humo ndani ya bodi sijui muda gani. Kisha nikarudisha trei, nikakaza skrubu, nikaenda kazini kama kawaida.

Na wiki hii Sadock amenunua pikapu mpya. Juzi amekuja niliposimama, akavua kofia, akasema, "Dada Devotha, wewe ndiye unayejua haya mambo. Niweke ipi?"

Mama, maneno hayo nimeyasubiri miaka minne, na kabla moyo haujaniuliza mdomo ukawa umeshajibu kwamba aweke trei. Jumatatu anakwenda Arusha kuinunua. Nikimwambia ukweli, kijiwe kitasema walijua tangu zamani kwamba mwanamke na gari ni vitu viwili, na wale wawili wataniuliza nimewaingiza wapi, na nikinyamaza, gari jipya la mtu litaoza kama langu huku ananishukuru. Na mimi mwenyewe sijui niweke trei nyingine iliyo nene zaidi au nipulizie. Naomba uniambie, na naomba ufiche jina langu.

Ni mimi, Devotha, Nakwa.

MAMA EVELYNE ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilinifikia Alhamisi, na kwa kuwa Jumatatu haisubiri gazeti, nilikupigia simu siku ileile. Ninayoandika hapa ndiyo niliyokuambia, kwa faida ya wengine wenye pikapu. Jina lako nimeliacha lionekane, kwa ruhusa uliyonipa mwenyewe baadaye. Lingefichika vipi, hata hivyo, mwanamke mmoja katika madereva kumi na mmoja?

Tuanze na gari, maana ndilo rahisi. Mimi si fundi, lakini niliuliza mafundi wawili ambao hawauzi trei wala hawapulizi rangi, na wote walisema jambo moja. Trei si takataka. Anayebeba mawe na vyuma inamfaa, kwa sababu inapokea kipigo ambacho kingechana rangi, na ikichakaa anaitoa. Ila inataka kuinuliwa mara kwa mara, chini yake paoshwe na pakauke, na matundu ya skrubu yapakwe rangi kabla ya kukazwa. Uliniambia kwenye simu kwamba unaosha gari kila Jumamosi. Uliosha juu, panapoonekana. Miaka miwili hukuangalia chini, kwa hiyo usiitupie plastiki lawama zote.

Kwa kazi yako ya mbuzi na magunia, yenye majimaji na vitu vya kuteleza, pulizia. Lakini rangi haitibu kutu, inaifunika tu, na kutu itaendelea kula bati ndani kwa ndani. Melkiadi akate bati lililooza, achomelee jipya, asugue kila mahali kwa msasa mpaka bati lionekane safi, aondoe mafuta yote, ndipo apulize. Simama hapo uangalie. Akikuambia usipakie kwa siku kadhaa, usipakie, hata mteja akipiga simu mara kumi. Na kabla hujamuuliza bei, mwambie kwamba alikushauri vizuri ukamdharau.

Sasa wewe. Sitakukemea kwa kuringa. Nilivyosoma habari za zile safari kumi na nne za Sigino nilisimama nikamsomea mume wangu. Ringa, mwanangu, umefanya kazi. Lakini trei hukuifinyanga wewe, ilikujaje ukaitetea kama mtoto wa tumbo lako? Ulipoulizwa na Sadock ulikuwa unajua, na kidole chako kilikuwa kimeshapita kwenye tundu. Hilo halikuwa kosa la gari. Ulitaka kuendelea kuvuliwa kofia, na ulikuwa tayari mwenzako alipie.

Unaogopa watasema mwanamke na gari ni vitu viwili. Watasema. Walisema siku ya kwanza, na hakuna mzigo ulioshuka kwenye gari lako kwa sababu ya maneno yao. Mtu asiyeweza kusema amekosea, hata siku akipatia watu hawana namna ya kujua. Ndiyo maana nilikuambia usimpigie Sadock simu na usimwite pembeni. Fungua skrubu mchana, kijiweni, mbele ya wale wawili pia, uinue trei waone, na usitafute maneno ya kujitetea.

Umefanya hivyo. Jumapili jioni ulinipigia ukanieleza, sikujua kama unacheka au unalia. Ulisema mmoja alicheka, na akaacha alipoona hakuna anayecheka naye. Sadock alipiga magoti, akapapasa lile bati lililooza, akasema, "Ungeninyamazia, ningekuja kuyaona mwenyewe, na nisingekuuliza kitu tena maisha yangu." Akaahirisha safari ya Arusha, akakuomba umsindikize kwa fundi, kwa sababu anataka mtu anayejua kuangalia. Wale wawili walikuwa wameshaanza kufungua skrubu za magari yao. Mmoja bati lake ni zima, anaweza kuendelea na trei yake akiitunza. Mwingine amewahi, kutu imeanza tu.

Nimejivunia wewe, na nimeandika hivyo gazetini ili watoto wako wasome.

Lakini hujamaliza. Uliniambia Parsitau utamtafuta gari likishapona, umwonyeshe sakafu mpya. Hapana. Sadock ulimwokoa kabla hajaumia, lakini Parsitau ulimsingizia mbele ya watu, naye akakuheshimu kwa kunyamaza. Ukienda kwake na sakafu mpya utakuwa umekwenda kutafuta mteja. Nenda siku ya mnada wa mifugo, anapouza mbuzi wake, wakati gari bado liko kwa fundi, upande hata bodaboda. Mwambie wazi kwamba ulijua mbuzi hawakufungwa vibaya, na kwamba ulisema uongo kwa sababu ya fahari. Usimwombe arudi kwako. Mkienda wote kijiweni ukayarudia hayo kwa sauti ileile uliyotumia mwaka jana, itakuwa vizuri zaidi, lakini hilo aamue yeye.

Na uende mapema, kabla wanunuzi hawajajaa, akiwa bado ana nafasi ya kukusikiliza.