Mwezi wa Kumi Mama Hatakuja

Gaborone, Botswana

Mjomba,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa kuwa mama alinilea hivyo, ila usitegemee nyingine huko mbele. Goti lako linaendeleaje? Nasikia siku hizi unapandisha mlima huko Bigwa bila fimbo, mpaka shambani kwa mama. Mimi ni mzima, nashona sare za shule kutwa nzima na macho yananiuma.

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti. Unataka dada yako aje kunitembelea mwezi wa kumi, eti ndio msimu mzuri huku. Nani kakwambia? Mwezi wa kumi huku ni tanuri. Mto unabaki mchanga mtupu, na feni inapuliza moto. Mwaka jana jirani yangu, rika la mama, alianguka barabarani mchana, tukamfunika kanga tuliyoilowesha maji. Na unajua vizuri mama ana presha. Msimu wa kuja huku ni Julai, jua lipo na ubaridi upo, kama kwetu milimani. Nilishakueleza, ukasema mimi mtoto.

Nilidhani hujui tu. Kumbe unajua sana. Juzi mama kanipigia, anacheka kwa furaha: "Mjomba wako ananionea huruma, mwanangu. Kasema nisiiwaze vuli, kashapata mtu wa kunishikia shamba. Atapanda migomba."

Migomba, mjomba! Mtu wa kushika shamba kwa muda hupanda maharage, akavuna, akaondoka. Anayepanda migomba amehamia. Mama arudi akute shamba la mama yake lina mwenyewe, na wa kuamua kesi ni wewe, maana ndiwe mjomba wa ukoo. Huna haya! Nimekasirika mpaka nimejichoma sindano kidoleni.

Sasa sikiliza. Mama atakuja Julai, akishavuna mahindi, na vuli itamkuta nyumbani. Mwezi wa kumi unaoupenda nitasafiri mimi kuja huko, likizo nimeshaomba. Ardhi yetu inapita kwa wanawake, nami ni mwanamke wa ukoo huo, na jembe sijalisahau.

Msalimie mkaza mjomba, na binamu Rehema anayeuza nyanya Mkuyuni. Huyo mtu wako naye msalimie. Mwambie miche yake akaipande uani kwako.

Ni mimi mpwa wako,
Zuhura, binti wa mwenye shamba