Siku Mama Linda Alipotaka Kumwona Linda

Kitengela,
Jumapili, 15 Oktoba 2006

Kwako Mayi, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi mengi. Natumaini barua hii itakufikia ukiwa salama, na kwamba kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona. Mdogo wangu Melvin anaendeleaje na masomo? Na ng'ombe mwekundu, ameshazaa? Mimi huku ni mzima. Vumbi la Kitengela bado linaingia mpaka ndani ya sufuria, lakini mawingu yameanza kukusanyika upande wa Ngong na watu wanasema mvua iko karibu. Kazi ya kufundisha kompyuta pale chuoni inaendelea vizuri. Najua wewe mwalimu wa Kiswahili huwezi kusoma barua bila kutafuta makosa, lakini leo nakuomba usome tu, kwa sababu niko na habari ya kukusimulia ambayo inanifanya nitembee kichwa kikiwa juu.

Nilikwambia kwamba ninapanga chumba kwa Mzee Kisemei, yule mfugaji aliyejenga nyumba za kukodisha kwenye sehemu ya shamba lake. Mkewe ni Florence, ambaye sote tunamwita Mama Linda. Tangu nihamie hapa amenifanya kama mtoto wake. Jumapili sikosi chai ya maziwa kwake, na nikichelewa kutoka kazini humtuma kijana wake Emmanuel anisubiri stejini. Linda ndiye binti yao wa pekee. Alisomea uandishi wa habari Nairobi, na mwezi wa Julai akapiga simu akilia kwa furaha: amechaguliwa kusoma taarifa ya habari kwenye televisheni, Jumamosi saa saba mchana. Ingekuwa mara yake ya kwanza kuonekana.

Shida ni kwamba televisheni ya Mzee ilikuwa imeungua. Stima ilipotea, iliporudi ikarudi na nguvu nyingi, na kile chombo kikatoa moshi mbele yetu. Emmanuel akasema twende tutazame kwenye hoteli ya pale sokoni. Mama Linda akakataa katakata. Alisema hawezi kumtazama mtoto wake katikati ya watu wanaogombania chapati. Alitaka kumwona akiwa nyumbani kwake, ameketi kwenye kiti chake.

Hapo ndipo nilipoikumbuka kompyuta yangu. Nilikuwa nimeona Nairobi, barabara ya Luthuli, kadi ndogo ambayo ukiichomeka ndani ya kompyuta na kuiunganisha na antena, kompyuta inashika televisheni. Mwenzangu Muteti, tunayefundisha naye, alinicheka. Alisema vitu hivyo vimetengenezewa Ulaya na kwamba nitaharibu kompyuta nzuri bure. Mayi, unanijua. Kuambiwa siwezi ndiko kulikonipeleka dukani.

Nilifungua boksi la kompyuta kwa bisibisi, nikaichomeka kadi mahali pake, nikaweka programu yake ya kuchezea video. Emmanuel akapanda juu ya mabati na antena. Programu ikaniuliza niko nchi gani ili itafute stesheni. Nikashuka na ile orodha ya nchi kutoka juu mpaka chini, Kenya haikuwepo. Nikachagua Marekani, ikaleta chenga tupu. Nikachagua Afrika Kusini, na mara picha safi ikatokea, mtu anasoma matangazo ya mbolea, lakini midomo inacheza bila sauti. Nilikagua nyaya zote, nikabadilisha spika, wapi. Nilikaribia kukubali kwamba Muteti alisema kweli. Ndipo nikafikiri kwamba kama picha imefika, basi sauti pia imefika, ila hii programu inaitafuta mahali pasipo pake. Nikaanza kujaribu nchi moja baada ya nyingine. Nilipochagua Ujerumani, sauti ikalipuka kwa nguvu mpaka kuku wakakimbia. Mzee Kisemei, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake akinitazama kwa shaka, akauliza, "Kwa hivyo sasa tumehamia Ujerumani?" Tulicheka mpaka Emmanuel akapiga kelele kutoka juu ya mabati akitaka kujua kama ashuke.

Jumamosi ilipofika, tulihamishia kompyuta kwenye sebule yao. Majirani wakajaa. Mama Linda aliketi karibu kabisa na skrini, amevaa shanga zake za harusi. Saa ilipogonga, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, na Linda huyo! Alisoma bila kukwama hata neno moja. Mzee alisimama wima muda wote kama mtu anayeimbiwa wimbo wa taifa. Ilipokwisha watu walipiga vigelegele, na Mama Linda akapangusa machozi akisema, "Mtoto wangu amependeza na ile koti yake nyekundu."

Watu waliitikia. Lakini mimi niligeuka kumtazama, Mayi, kwa sababu koti la Linda lilikuwa la buluu. Ni kweli alikuwa amemwambia mamake kwa simu kwamba atavaa jekundu. Bila shaka alibadilishiwa huko studio. Mtu aliyekuwa na macho angeliona.

Majirani walipoondoka, tulibaki mimi na Mama Linda peke yetu. Nikacheza ile rekodi, nikaisimamisha pale uso wa Linda ulipoonekana vizuri, nikaukuza mpaka ukajaa skrini nzima. Kisha nikamwomba anionyeshe mahali Linda alipojikuna utotoni akabaki na alama. Mkono wake ukatangatanga juu ya kioo, ukatulia kwenye pembe, mbali na uso. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni yeye huyu hapa?"

Nikaushika ule mkono, nikausogeza mpaka usoni pa Linda. Akaelewa, akaurudisha mkono mapajani.

Aliniambia kwamba kwa muda mrefu haoni isipokuwa mwangaza na vivuli, kama mtu anayechungulia kupitia maziwa. Nyumba yake anaijua kwa miguu, na watu anawajua kwa sauti. Hakumwambia mtu yeyote. Alijua kwamba siku Mzee atakapojua, Linda ataitwa nyumbani amtunze, kwa kuwa yeye ndiye msichana pekee, na safari yake itakuwa imekwishia hapo. Aliamua afadhali akose kumwona kuliko kumrudisha. Kisha akanishika mkono, akaniomba nisiseme.

Mayi, hapo nilipata mtihani. Nilimwambia kwamba sitamsema nyuma yake, lakini pia siwezi kunywa chai yake kila Jumapili nikijifanya sijui. Nikamwahidi kwamba akikubali kusema mwenyewe, nitaketi kando yake. Alikusanya vikombe vya wageni kwa kupapasa mpaka ng'ombe wakarudi. Halafu akasema nimwite mumewe.

Mzee Kisemei alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Nilitarajia akasirike. Badala yake alikalia kigoda, akasema polepole kwamba kila Jumapili wakienda kanisani mkewe alikuwa akimshika mkono, na yeye alikuwa akijigamba kwa wazee wenzake kwamba mapenzi yamerudi uzeeni. "Kumbe ulikuwa unatafuta njia," alisema. Mama Linda akamjibu kwamba yote mawili yalikuwa kweli. Mzee akamwambia kwamba Linda hataitwa na mtu yeyote. Aendelee na kazi yake, na wao watakwenda kwa daktari. Nilimwona akigeuza uso ukutani.

Mwezi uliofuata madaktari wa macho walikuja Kajiado, na tukampeleka. Walisema ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, na kwamba hutolewa kwa upasuaji. Wakaanza na jicho moja. Siku alipofunguliwa bendeji, Linda alikuwa kazini, kwa hivyo Mama Linda alipofika nyumbani alimtazama kwanza Mzee, akamwambia amezeeka vibaya, kisha akaketi mbele ya kompyuta na kuniamuru nimwonyeshe mtoto wake. Nilicheza ile rekodi. Alitazama, kidole kikifuata uso wa Linda kwenye kioo bila kukosea. Mwishowe akatugeukia kwa hasira ya kweli kabisa: "Hiyo koti ni buluu! Mbona mliniacha niseme nyekundu mbele ya majirani?"

Mayi, nimepata vyeti na umenipigia makofi kwa kila kimoja. Lakini sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia dakika ile. Hata Muteti sasa anawaleta watu niwawekee kadi kama hiyo, na anawaambia ni yeye aliyenishauri.

Sasa nikwambie sababu hasa ya kuandika, na ya kuandika kwa herufi kubwa namna hii. Nilipokuja nyumbani Aprili, ulimimina chai nje ya kikombe ukacheka ukasema ni meza iliyoinama. Ulinipapasa uso kabla ya kunikumbatia. Jioni ulimwambia Melvin akusomee zaburi, wewe uliyekuwa hupendi mtu mwingine asome. Wakati huo sikuelewa. Sasa nimeelewa. Nadhani unaficha ili nisiache kazi nirudi, na ili Melvin asikose shule. Sitaacha kazi, Mayi. Lakini nakuomba uje. Madaktari wanarudi Kajiado mwezi wa Novemba, na chumba changu kinatutosha.

Nisalimie Melvin, shangazi, na akina mama wote wa kanisa. Mzee Kisemei anakusalimu na kusema mbuzi wa kukukaribisha ameshachaguliwa. Mama Linda naye anasema usiogope njia ya hospitali. Yeye alipelekwa ameshikwa mkono. Safari hii ni yeye atakayekushika wewe.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Nasike