Daktari Alisema Sentimita Tano

Shikamoo Shangazi Klara. Nakuomba unisikilize leo leo, maana ikifika jioni nitakuwa nimeshamzungushia tena mume wangu zile nati, na moyo wangu haukubali tena. Nakuandikia kwa simu nikiwa nimekaa juu ya magunia ya alizeti nyuma ya mashine yetu ya kukamua mafuta hapa Ulemo, yeye yuko ndani ananiita, nimemwambia ngoja kidogo, kwa hiyo maneno yakipandana unisamehe.

Nina miaka thelathini na minne, na humu nitajiita Mama Flora ingawa mtoto wetu haitwi hivyo. Baba Flora ni mwanaume mwema na mchapakazi, ila ni mfupi, mimi nimemzidi vidole vinne, na kwa miaka tisa ya ndoa sikuona kama hilo ni jambo, nilikuwa navaa ndala tukitoka pamoja na yeye mwenyewe alikuwa anatania watu kwamba ameoa mlingoti wa bendera. Mwaka juzi tukagombana pale mashineni mbele ya wateja, kisa ukanda wa mashine, nilimwambia aubadilishe akakataa, ukakatika, akanifokea kwamba mimi ndiye niliyeufunga vibaya, na mimi hasira zikanipanda, nikaweka mkono hapa utosini kwangu nikamwambia, "Ukishafika hapa ndipo uniambie." Wateja walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Na yeye alicheka. Nikadhani yameisha, Shangazi, kumbe mwenzangu aliyabeba.

Akaanza kushinda kwenye simu, nikadhani ni mwanamke. Mwaka huu mwezi wa pili, siku mbili kabla ya safari, ndipo akaniambia kwamba anaenda nje ya nchi kurefushwa miguu. Nililia. Akasema, "Mifupa ni yangu, unalia wewe?" Akaenda. Walimkata mifupa ya miundi yote miwili, chini ya magoti, wakamfunga fremu za chuma zenye pete kuzunguka mguu na pini zilizoingia mpaka kwenye mfupa, na kila siku nati zinazungushwa, robo milimita asubuhi, robo saa sita, robo alasiri, robo jioni, mfupa unaachana milimita moja na lile pengo linajijaza mfupa mpya. Daktari alitaka akae kule mpaka mwisho. Baba Flora akasema ana biashara, akarudi baada ya wiki tano na magongo mawili na spana ndogo, na kwa kuwa zile nati za nyuma hazifikii vizuri, nesi wa kule akanifundisha mimi kwa simu ya video. Kwa hiyo mwenye kuzungusha ni mimi. Watu hapa wameambiwa alipata ajali, na Mzee Zefania wa kanisani amekuja mara tatu kumshukuru Mungu kwa kumponya kwenye gari ambalo halikuwahi kupinduka.

Daktari alituambia wote wawili tukiwa tumekaa pamoja mbele ya simu, "Mwisho ni tano. Sentimita tano, halafu mnafunga, hamgusi tena, mfupa ukomae." Tulifika tano. Nikaweka spana kabatini. Kesho yake asubuhi akaniambia, "Mama Flora, mbona hujaja?" Nikamwambia si tumemaliza? Akasema, "Nataka nane. Nane tu, nilingane na wewe." Nikamwambia daktari je, akasema daktari anaogopa kushitakiwa tu. Na daktari alipoomba picha mpya ya eksirei akamjibu kwamba mashine ya hospitali ya huku imeharibika, Shangazi, mashine haijaharibika, tungeenda hata jana.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu tupite tano. Kisigino cha kushoto hakigusi tena chini, anasimamia vidole kama mtu anayechungulia dirishani. Juu ya unyayo anasema kuna ganzi, na juzi nilimwambia inua kidole gumba, akakiangalia, akakiangalia, hakikuinuka. Akasema kimelala tu, kitaamka. Jana akataka tuzungushe mara sita kwa siku badala ya nne, ili tufike haraka ganzi iishe. Nilikataa, akasukuma sahani yake pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Si ni wewe uliyesema nifike hapo?" Akagusa utosi wangu. Nikachukua spana nikazungusha.

Sijawahi kumwomba msamaha kwa lile neno, ndiyo siri yangu. Nikikataa sasa ataona nimemdharau mara ya pili. Nikimpigia daktari nitakuwa nimemsaliti mume wangu. Nikiendelea naona kabisa mguu unaharibika mikononi mwangu mimi. Nifanye nini? Ananiita tena.

Mama Flora, Ulemo

*

Marahaba, Mama Flora.

Wewe mwenyewe unajua kwamba barua yako haikungoja siku ya gazeti. Kabla sijashika kalamu hii nilikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa kwa miaka kumi na tisa, na niliposoma habari ya kidole gumba kisichoinuka nilikupigia simu chai yangu ikiwa haijafika nusu. Tulichozungumza siku ile nakiandika hapa kwa ruhusa yenu wote wawili, kwa sababu tangu mwaka jana nimepata ujumbe mwingi wa watu wanaotaka kujirefusha, na wengi wanaulizia hospitali tu. Kikomo hawaulizi.

Nilikuuliza, "Spana iko wapi?" Ukasema mfukoni mwa gauni. Nikakuambia ibaki humo humo, na hapo hapo ukaanza kulia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikakugombeza ukiwa unalia, na leo narudia mbele ya wasomaji: ulikosea. Wiki mbili umekuwa ukilipa deni la ulimi kwa mguu wa mwenzio. Mtu akikuumiza kwa neno, halipi kwa kukuumiza na mfupa. Msamaha unaombwa kwa mdomo, Mama Flora, na ungeuomba mwaka juzi labda zile fremu zingefungwa kwa mtu mwingine mwenye shida ya kweli ya mifupa.

Halafu nikakuambia umpe mumeo simu.

"Shikamoo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

"Marahaba. Inua kidole gumba cha kushoto."

Nikasikia anavuta pumzi.

"Kimelala, Shangazi."

"Hakijalala, kinanyongwa. Kuna mshipa wa fahamu unapita ubavuni mwa goti kushuka mpaka juu ya unyayo, ndio unaoinua vidole. Mfupa ukiuvuta taratibu unaota, mshipa hauoti kwa mwendo huo, unavutwa. Unaanza na ganzi, unafuata na kidole, mwisho unyayo mzima unaning'inia, na kuna wengine haurudi tena maisha yao yote."

Akasema daktari aliogopa kushitakiwa. Nikamwambia daktari alipiga hesabu. Muundi wa mtu wa kimo chake ni kama sentimita thelathini na nne. Ukiongeza tano umeongeza kama sehemu moja ya saba ya mfupa wote, na hapo madaktari wengi husimama kwa muundi. Mfupa wa paja huvumilia zaidi kidogo, sita, saba, kwa mtu ambaye misuli yake inakubali. Nane kwenye muundi wake ni karibu robo ya mfupa. Na hiyo tano si haki ya kila mtu: kuna mwenye kuanza ganzi akiwa na tatu, naye husimama kwenye tatu. Namba ya daktari ni ukuta wa mbali kabisa. Mwili unaweza kukusimamisha kabla hujaufikia, na ukikusimamisha unasimama. Ile kuharakisha mara sita kwa siku ilikuwa mbaya kuliko yote, maana pengo likikimbia kuliko mfupa mpya, hakuna cha kulijaza. Unabaki na mguu mrefu usiobeba hata kilo ya sukari.

Alisikiliza. Nilimuuliza, "Ukifika nane, unataka nani akuone?"

Nikasikia anaweka magongo chini.

"Mke wangu," akasema.

"Si yuko hapo? Muulize anaona nini."

Hakukata simu. Mlizungumza Kinyiramba, nami ni mtu wa Manyoni, sikuelewa hata neno moja na sikuuliza. Nilisikia sauti yako kwanza, ndefu, ikikatika katika. Kisha yake, fupi. Kisha mtu akapenga kamasi, sijui nani. Aliporudi kwenye simu aliniambia, "Nataka kumpigia huyo daktari, namba yake nimeifuta." Mwanaume alishaifuta namba ya daktari wake! Bahati wewe ulikuwa nayo.

Mengine nimeyapata kwako kwa ujumbe, nayaeleza ili wasomaji wajue yaliishia wapi. Mchana ule ule mlimwambia daktari ukweli wote, pamoja na uongo wa mashine. Alifoka, kisha akasema pigeni picha leo. Picha ikaonyesha sita na milimita mbili, na mfupa mpya ukiwa mwembamba kama uji wa mgonjwa. Akazungumza na daktari wa mifupa wa Singida mjini, na huyo ndiye aliyeanza kurudisha nati nyuma, kidogo kidogo kama zilivyokwenda, chini ya macho yake. Siku ya tisa kidole kikatikisika. Siku ya kumi na nne kikainuka. Uliniandikia neno moja tu, "Kimeinuka," na mimi mzee nikapiga kelele jikoni peke yangu. Wamefunga fremu kwenye tano kasoro kidogo. Kisigino bado hakijafika chini. Kwa mazoezi kinaweza kufika, na kikigoma kuna upasuaji mdogo wa kurefusha kano ya nyuma ya kisigino. Ametoka kwenye hatari, lakini hajapona. Msichanganye.

Nanyi mnaosoma mkiwa na picha za fremu kwenye simu zenu, sitawaambia kimo chenu ni zawadi ya Mungu mkae nacho, wengine mmeshaambiwa hivyo na watu warefu mkachoka. Mwili ni wako na wewe ni mtu mzima. Lakini kabla hujasaini, muulize daktari atasimama wapi na kwa nini, na jiulize nani atakushika mguu utakaporudi nyumbani, kwa sababu mwaka mzima unaweza kupita kabla hujatembea kama zamani. Daktari akikuahidi namba kubwa bila kukupima, ondoka kwake ukiwa bado unatembea. Na usiwadanganye wanaokuombea. Baba Flora amemwita Mzee Zefania akamweleza ukweli. Mzee akacheka, akasema basi sala zile azihamishie kwenye miguu.

Sasa nakurudia wewe, Mama Flora. Spana ile mkabidhi daktari wa Singida, isikae nyumbani kwako. Mazoezi ya kisigino ni mara tatu kwa siku, na usimhurumie akikunja uso. Pini zisafishwe kila siku kama ulivyofundishwa, kwa mikono iliyonawa. Picha za eksirei zipigwe kila tarehe iliyopangwa na zitumwe siku hiyo hiyo, wewe ndiye uzitume. Aache sigara anayojificha nayo nyuma ya mashine, ndiyo, ameniambia mwenyewe. Moshi unachelewesha mfupa. Mfupa huo unahitaji miezi mingi bado, hata nane, na katika miezi hiyo atakuwa mkali, atachoka, atakulaumu siku moja moja. Mjibu kwa upole, lakini usimpe nati.

Na pini ikianza kutoa usaha, homa ikipanda, shavu la mguu likivimba na kuuma, au kidole kile kikianguka tena, usiniandikie mimi. Mpeleke hospitali kwanza. Barua nitaisoma baadaye.

Shangazi Klara