Chafya ya Mtoto

Cheptais,
Juni 1993

Kwa ndugu yangu Kimaiyo, huko Kipsongo, Kitale,

Huku mvua imezidi mpaka mahindi yamegeuka manjano. Ng'ombe wako mwekundu amezaa, na mimi pia nimejifungua mvulana. Barua zangu za kwanza sijui kama zilikufikia.

Kichwa cha Mama kimezeeka. Nyimbo za usichana wake anaimba bila kukosea, lakini akimaliza uji anauliza mbona hatujampa uji. Kila jioni alikuwa anauliza pia, "Kimaiyo anakuja lini?" Nikimwambia uko kazini Kitale, anatulia.

Hata hivyo tulimwachia yeye kumtajia mtoto majina ya wafu wetu mpaka apige chafya kwa jina la yule aliyerudi ndani yake, kwa sababu anawajua kutushinda sisi wote. Akaanza vizuri: babu, baba, shangazi aliyefia Lwakhakha. Mtoto kimya. Halafu akaita, "Kimaiyo."

Nikamshika mkono. "Mama, si huyo yuko hai? Tunaita waliokufa tu!"

Mtoto akapiga chafya.

Hakuna mwanamke aliyepiga vigelegele. Mama peke yake alicheka, akasema, "Si huyu hapa? Amefika."

Niliwaambia ni uzee tu, anachanganya watu. Bado nasema hivyo. Lakini tangu siku hiyo hajauliza tena unakuja lini. Jioni anampakata mtoto na kumwambia, "Pole na safari."

Ndugu yangu, niandikie, hata neno moja tu. Mtoto bado sijathubutu kumwita jina.

Dada yako,
Jepkosgei