Kamba za Viatu vya Kaka

Ghorofani kwetu, juu ya duka la vipuri,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi za kazini, na kwamba siku hizi unapata usingizi japo kidogo. Sisi huku hatujambo. Mama bado anashona mpaka macho yanamwuma, Baba bado anabishana na redio, nami bado ni yule yule uliyemwita Kimya, ila nimerefuka hadi sketi za shule zimeanza kulalamika.

Najua unachongoja, kwa hiyo sitakuzungusha. Mwanao yu hai. Alhamisi nilimwona kwa macho yangu.

Kwenye simu Mama na Baba walikwambia tu kwamba kaka "yuko sehemu nzuri". Nilikuwa nimekaa pale pale, nikasikia ulivyonyamaza, nikajua hukuamini. Naona ni heri mtu akueleze, hata kama mtu mwenyewe ni mimi ninayeogopa kuomba chumvi mezani.

Tangu ile ajali ya lori alilokuwa akiendesha, iliyomwua msaidizi wake, kaka alikuwa akijilaumu. Alipowekwa mahabusu kungoja kesi, aliacha kula, akaacha kuongea, kisha akamwambia mwenzake wa chumbani kwamba haoni sababu ya kuendelea kuishi. Mungu ambariki yule mwenzake, hakukaa nalo moyoni. Alimwita askari papo hapo. Siku hiyo hiyo daktari wa afya ya akili akaagiza kaka ahamishiwe chumba cha uangalizi, ambako mtu haachwi peke yake hata kidogo.

Nilidhani ni adhabu. Kichwani nilikuwa na picha ya shimo. Kumbe ni chumba cheupe kando ya zahanati ya gereza, tulipitishwa mbele yake. Blanketi ni nene kama zulia, halichaniki. Nguo anazovaa hazina vifungo wala mkanda. Mlangoni kuna kioo kipana, na nje ya kioo kuna kiti.

Anayekikalia mara nyingi ni askari mmoja mnene ambaye kaka amembatiza Jirani. Huyo lazima nimsifu. Kumtazama mtu kwa kioo ndiyo kazi yao, na wangeweza kuishia hapo. Yeye kila akitaka kutazama hupiga hodi kwanza. Siku za mwanzo kaka hakuitikia, basi Jirani akawa anajiitikia mwenyewe, "Karibu jirani, ahsante jirani," kisha anaendelea kuisema vibaya timu yake ya mpira kana kwamba kaka ndiye kocha.

Sasa kuna utaratibu pale: askari akitaka kuingia ndani kwa mtu wa uangalizi, huacha kabatini mkanda wake na kamba zake za viatu. Siku moja Jirani alikuwa ndani wakicheza drafti ya karatasi, mara mkuu wa gereza akatokea. Kwa mazoea Jirani akaruka wima, akabana visigino, akapiga saluti. Suruali ikashuka. Na kwa kuwa mkuu alikuwa bado hajaipokea saluti, mtu mzima akabaki hivyo hivyo, mkono kichwani, suruali miguuni. Mkuu akatazama dari. Kaka akacheka mpaka akatoka machozi, halafu machozi yakawa ya kweli, na hapo ndipo alipomtaja marehemu kwa jina kwa mara ya kwanza. Aliongea mpaka zamu ya Jirani ikaisha, na Jirani hakuondoka.

Jirani alitusimulia mwenyewe bila haya. Mama alicheka hadi akashika ukuta.

Kabla hatujaingia, mama mshauri wa pale alituasa tusizunguke. Tumwulize waziwazi kama bado anafikiria kujiua, kwa sababu kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, kunampa nafasi ya kulitoa. Wazazi wakaitikia kwa vichwa, ndiyo, ndiyo. Tulipoketi, Baba akaanza na mpira. Mama akauliza kama anakula. Baba akahamia kwenye mvua. Kaka alijibu kila kitu kwa adabu huku anaitazama meza.

Nikwambie siri. Lile swali nilikuwa nimelifanyia mazoezi njiani kwa lugha ya darasani. Kwa lugha ile lilikuwa jepesi, kama la mtihani. Lakini nilipomwona kaka, aliyenifundisha baiskeli akinifokea kwa lugha yetu hii hii, nikashindwa kumwendea na maneno ya kuazima.

"Kaka, bado unataka kufa?"

Mama alinifinya paja. Kaka akainua uso, mara ya kwanza tangu tuingie.

"Wiki iliyopita nilitaka," akasema. "Leo sitaki. Kesho sijui. Nikitaka nitamwambia Jirani." Kisha akaongeza, "Ahsante, Kimya. Nilichoka kuulizwa chakula."

Vitu vyake hurudishwa kimoja kimoja, kadiri daktari anavyoridhika. Shuka lilisharudi. Asubuhi ile daktari alikuwa amekubali arudishiwe na kamba za viatu, mshauri akaja nazo mkononi. Kaka akazitazama, akasema, "Zikae kwanza kwa Jirani." Akatuaga akiburuza viatu, pwata, pwata, na mimi sijawahi kuona mtu anayetembea kwa heshima vile. Ningependa siku moja niwe jasiri kama yeye.

Jumamosi ataruhusiwa kukupigia simu. Mama Mkubwa, nakuomba sana, usimwulize kama anakula. Mwulize lile. Ukishauliza, nyamaza umsubiri. Yeye hachelewi kujibu, ni sisi tunaowahi kuongea.

Msalimie Mjomba Kofia na wale mapacha wake watundu. Mama, Baba na bibi wa chini wanakusalimu. Mungu akushike mkono huko uliko, na huku amshike yeye.

Wako akupendaye,
Kimya.

N.B. Sauti ikigoma, nipigie mimi kwanza, tufanye mazoezi pamoja. Nimeshajua pale inapokwama.